Gitaa la Umeme la Zamani: Kagua Nondo ya Shingo Kabla ya Kutoa Fedha

Mwaka juzi nililipa shilingi milioni 2 na laki 3 kwa gitaa la umeme la miaka ya 1970, baada ya kulitazama kwa dakika zisizozidi kumi sebuleni kwa muuzaji, bila amplifaya, huku mwenyewe akinisimulia jinsi mbao zake zilivyokomaa. Rangi ilikuwa ya asili, pikapu, yaani vinasa vya mtetemo wa nyuzi, zilikuwa zake, na hata sanduku lilikuwa lile lililotoka nalo kiwandani. Nilipofika nyumbani na kujaribu kupiga solo kuanzia freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) kuelekea mwili wa gitaa, nikakuta nyuzi zimeinuka kiasi kwamba penseli ilipita chini yake. Fundi alifungua kifuniko kidogo kilicho kichwani, akaingiza spana, akajaribu mara mbili, kisha akairudisha mfukoni bila kusema neno. Nati ya nondo ya shingo ilikuwa imekazwa hadi mwisho, na shingo bado ilikuwa imepinda.

Kwa hiyo sitazungumzia rangi, pikapu wala sauti, kwa kuwa hayo kila mnunuzi huyatazama mwenyewe, na pikapu hubadilishwa kwa alasiri moja. Ninachotaka ukikague ni nondo ya chuma iliyolazwa ndani ya shingo, chini ya ubao wa freti, ambayo kazi yake ni kushindana na nyuzi. Nyuzi sita za kawaida zikishatyuniwa huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 45, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji, na gitaa la mwaka 1976 limevutwa hivyo usiku na mchana kwa takribani nusu karne. Nondo ikikatika, au nati yake ikifika mwisho au kuliwa na kutu, jambo ambalo sisi wa Pwani hatuna haja ya kuelezwa, huenda ikabaki kung'oa ubao wa freti, na mafundi wanaoiweza kazi hiyo ni wa kutafuta kwa tochi.

Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ubane pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa, kisha mwenzako atazame nafasi iliyo kati ya uzi na freti ya saba. Nafasi inayofaa ni unene wa vocha ya simu ya kukwangua, kama milimita 0.25. Ikizidi, usikate tamaa bado: legeza nyuzi, fungua nati robo mzunguko, kisha uikaze taratibu hadi ilipokuwa na kuipita kidogo. Nati nzima huzidi kuwa nzito polepole. Isiyosogea imeganda au imekwisha, na inayozunguka bure huenda ina maana kwamba nondo imekatika. Muuzaji akikataa jambo hilo lifanyike mbele yake, hata kwa mkono wa fundi wake mwenyewe, mshukuru kwa chai uondoke.

Kati ya magitaa ya zamani ya kununua, nafasi ya kwanza naipa Yamaha SG iliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1976, hasa SG2000, na sifichi kwamba ninaipenda. Shingo yake ni vipande vya mepo na mahogani vilivyogundishwa pamoja na kupita moja kwa moja hadi mkiani, na shingo ya namna hiyo haipindi kirahisi kama ya ubao mmoja. Nimezikagua nne, na nati za zote nne zilisogea. Wapo watakaosema kwamba shingo isiyofunguliwa ikiharibika gitaa zima limekwenda, na ni kweli. Ndiyo maana nati hukaguliwa kabla ya fedha kutoka. Ni gitaa zito pia, na kwenye dansi la kukesha bega litalalamika. Ukikuta limeandikwa SBG, si la bandia: ndilo jina lililotumika katika soko la Marekani, kwa kuwa Gibson, kampuni ya magitaa ya huko, ilikuwa na SG yake.

Kwa hesabu kavu, Squier, chapa ya kampuni ya Fender, za Japani za mwaka 1982 hadi 1984, zenye namba inayoanza na JV, ndizo zingestahili kuongoza, kwa sababu shingo zake hufungwa kwa skrubu na mbovu huweza kubadilishwa. Mimi naziweka za pili. Stratocaster za Fender za Marekani za miaka ya 1970 ni za tatu: nyingi zina skrubu tatu badala ya nne, kwa hiyo shika shingo uitikise pembeni uone kama inacheza. Gibson naiweka ya nne, kwani mbao zake huchimbwa ili kuipisha nati pale pale kichwa kinapoanza kulala nyuma, na gitaa likianguka chali huvunjika hapo. Lililogundishwa vizuri hupigika, lakini mimi silipi zaidi ya nusu ya bei. Yale ya bei rahisi ya Kijapani ya miaka ya 1960, kama Teisco, ni mazuri kutundika ukutani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba neno "zamani" limegeuka kuwa bei. Mmoja aliniapia kwamba Stratocaster yake ni ya mwaka 1965. Tulipoifungua, potensiometa, kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha kuongeza sauti, ilikuwa na namba 1377812, yaani kiwanda cha CTS, mwaka 78, wiki ya 12. Akasema huenda ilibadilishwa, na bei haikushuka hata senti. Yule aliyeniuzia mimi bado hunitumia picha za magitaa mengine. Mwezi uliopita nilimwomba afungue kifuniko cha kichwani anipigie picha ya nati, naye akanitumia picha nyingine ya rangi, safari hii akiwa amelipiga gitaa kitambaa likang'aa.