Nimekaa Burano peke yangu wakati wa maonyesho Venice, uzoefu wangu

Haya wale mnaoniuliza kile chumba kikoje, naandika hapa mara moja. Nilialikwa kuonyesha kazi zangu za kanga na nyuzi kwenye ukumbi mmoja Venice, Italia, tiketi ya ndege wakalipa wao ila malazi juu yangu, na hoteli za mjini pale bei hazishikiki, ndo nikakodi chumba kisiwani Burano, kama dakika 45 kwa boti toka gati la Fondamente Nove pale mjini. Ilikua Novemba, baridi na ukungu.

Chumba kipo ghorofani, ngazi nyembamba, kupandisha sanduku la vitambaa ni shughuli. Lakini kisafi, meza kubwa kweli kama ilivyo kwenye picha, na dirisha la upande wa mfereji linaleta mwanga mzuri wa kushonea, mi hapo tu nilishasamehe ngazi. Ubaya ni hita, mwenye nyumba ameitegesha inazima yenyewe usiku na huwezi kuibadilisha, nikamwandikia akaniletea blanketi la pili, hita ikabaki vilevile.

Usafiri ndo usikilize vizuri. Tiketi moja ya boti ni euro 9.50 na inadumu dakika 75, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 19 kwa siku, we nunua pasi ya siku saba ya euro 65, siku ya nne tu imeshajilipa. Boti ni namba 12. Usiku zinakua za nadra, na kama ukumbini kwako kuna hafla za kuishia usiku mkubwa utakaa gatini unatetemeka, mi nilikua naaga mapema watu wakanishangaa.

Upweke sasa. Mchana kisiwa kinajaa wageni wanapiga picha zile nyumba za rangi, hadi mlangoni kwako wanapozi. Ila Novemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, wageni wanaondoka na boti zao, mikahawa mingi inafunga, unabaki unasikia buti zako mwenyewe. Kwangu ilikua dawa, nimemaliza panelo nzima ya kitambaa niliyoikimbia nyumbani kwa miezi, maana Zanzibar mtu haufungi mlango jirani asigonge. Lakini kama we ni wa kuzungumza na watu usijaribu, utapiga simu nyumbani mpaka bando ikate.

Kilichonifanya nichague Burano hasa ni lesi, ile kazi ya nyuzi yenye vitobo. Kuna makumbusho ya lesi kwenye jengo la ile shule ya zamani iliyofunguliwa 1872 kufufua kazi hii ilipokua inakufa, na ukibahatika unakuta akina bibi wamekaa wanashona. Wanachora ua kwenye karatasi, wanaishikiza juu ya kitambaa, wanazungusha uzi kufuata mchoro, alafu wanajaza kwa sindano tupu, mwisho wanakata zile nyuzi za kushikizia lesi inatoka peke yake, haijashonewa kwenye kitambaa chochote. Zamani kila mwanamke alikua na hatua yake, kipande kinapita mikono kadhaa. Sisi tuliokulia nyumba za washona kofia za viua tunajua macho yanavyouma, bibi mmoja nilimwonyesha picha ya kofia kwenye simu, akaikuza akaanza kuhesabu vitobo, hatukua na lugha lakini tulikaa pale kitambo.

Dukani ni habari nyingine, lesi nyingi barabara ya Galuppi ni za mashine na zimetoka mbali, ukiona kitambaa cha meza bei chee ujue sio cha mkono. Ya mkono hata kidogo tu inakula wiki za kazi na bei inasema.

Chakula, samaki wapo, ila wali wao ule mzito wa samaki mara nyingi unatiwa mvinyo, wale wenzangu tusiogusa pombe ulizeni kabla hawajapika. Mi nilipika mwenyewe, kuna duka dogo la vyakula.

Nyota nne, moja nimekata kwa hita. Na bebeni adapta, plagi zetu za miguu mitatu haziingii kule, na pasi ya nguo chumbani hamna, mi nilinyoosha kanga zangu palepale ukumbini asubuhi ya ufunguzi.