YubiKey 5 NFC: ufunguo mmoja wa baruapepe, kompyuta na simu

Anayesoma baruapepe zilizofungwa kwa OpenPGP (mfumo wa kusimba barua) kwenye vifaa viwili huishia kunakili ufunguo wa siri kotekote, na simu ikiibwa, ufunguo umekwenda nayo. YubiKey 5 NFC, kidude kidogo cha kuhifadhi ufunguo huo, inaziba pengo hilo vizuri sana. Ufunguo ukishaingia ndani hautoki tena. Kwenye kompyuta unakichomeka kwenye USB. Kwenye Android yenye programu za OpenKeychain (ya funguo) na K-9 Mail (ya barua) unakigusisha mgongoni mwa simu, barua inafunguka.

Shughuli ipo kwenye kuhamisha. Tengeneza ufunguo kwa GnuPG, programu ya OpenPGP ya kompyuta, kisha kabla ya lolote toa nakala kwa `gpg --armor --export-secret-keys`, uiweke kwenye flashi mbili pamoja na cheti cha kubatilisha (cha kutangaza kwamba ufunguo usitumike tena) kilichomo kwenye folda ya openpgp-revocs.d. Amri ya `keytocard`, inayopeleka ufunguo kwenye kidude, hainakili, inahamisha: ukishaandika `save`, kompyuta inabaki na kivuli tu, yaani kielekezo cha kidude chenye ufunguo. Asiye na nakala akikipoteza kidude, barua zake za zamani hazitafunguka tena, wala mtengenezaji hana la kumsaidia. Kwa hiyo nunua viwili, ingawa gharama inauma. Cha pili kijaze kutoka kwenye ile nakala. GnuPG itaendelea kudai namba ya kile cha kwanza mpaka uiambie:

`gpg-connect-agent "scd serialno" "learn --force" /bye`

PIN za kiwandani ni 123456 na, ya msimamizi, 12345678. Zibadili siku hiyohiyo. Ukikosea ya kawaida mara tatu, ya msimamizi inaokoa. Ukikosea ya msimamizi mara tatu, ni kufuta vyote na kuanza upya.

Kwenye kompyuta mpya, watu huchomeka na kushangaa hakuna kinachofanya kazi. Kidude hakibebi ufunguo wa umma kamili (ule unaowapa wengine wakufungie barua): uingize kwanza kwa `gpg --import`, ndipo `gpg --card-status`.

Thunderbird, programu ya baruapepe ya kompyuta, ndiyo inayosumbua zaidi. Tangu toleo la 78 la mwaka 2020 ina hifadhi yake ya funguo na haiangalii ya GnuPG. Weka mpangilio wake uitwao `mail.openpgp.allow_external_gnupg` kuwa true, andika namba ya ufunguo kwenye mipangilio ya akaunti, halafu uingize ufunguo wako wa umma humo pia. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika.