Streetcleaner ya Godflesh: nilivyoisikia mimi na walivyoisikia wenzangu wa Mtwara

Niseme mapema: hii ni albamu nzuri ambayo siwezi kumshauri kila mtu aisikilize. Nusu ya kwanza sijapata kusikia mfano wake katika muziki mzito. Nusu ya pili ina sehemu zinazochosha, na nyimbo nne zilizoongezwa kwenye toleo la CD unaweza kuziruka bila kudaiwa na mtu. Kama unatafuta kitu cha kupiga kwenye harusi, ishia hapa hapa.

Godflesh ni watu wawili wa Birmingham, Uingereza. Justin Broadrick anapiga gitaa na kuimba, kama ule mngurumo ni kuimba, na G. C. Green yuko kwenye besi. Mpiga dramu hawana. Kazi hiyo inafanywa na mashine ya ngoma, yaani kifaa cha umeme kinachorudia mapigo yaliyopangwa, na kwenye orodha ya wapigaji mashine imeandikwa kama mwanabendi mwenzao. Albamu ilitolewa na lebo ya Earache mwezi Novemba 1989. Kabla ya hapo Broadrick, akiwa bado kijana mdogo, alipiga gitaa kwenye upande wa kwanza wa Scum, albamu ya bendi ya Napalm Death iliyotoka 1987, muziki wa kasi ya kichaa ambao nyimbo nyingine huisha hujamaliza kukohoa. Kwa hiyo mtu huyu kasi aliijua vizuri. Aliamua kuiacha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mjini Mtwara, mageti na madirisha, na kelele za chuma ndizo ugali wangu. Kijana ninayemfundisha kazi ndiye aliyeniletea albamu hii kwenye simu yake, akaniambia, "Fundi, hawa wanapiga kama sisi." Nilimcheka. Halafu ukaanza wimbo wa kwanza, Like Rats, na nikazima grenda nisikie vizuri.

Jambo la kwanza ninalotaka mtu alijue: usiisikilize kwa spika ya simu. Kwenye spika ya simu utasikia gitaa linalokwaruza kama bati na mtu anayegomba mbali, basi. Albamu yenyewe imekaa kwenye besi. Green hapambi, hazunguki, anakanyaga noti chache zilizoshushwa chini sana, na zinakwenda pamoja na kiki ya mashine, yaani ile dramu kubwa ya chini, kiasi kwamba hujui ipi ni ipi. Gitaa la Broadrick ndilo linaloachwa huru kupiga mayowe juu yake. Tulipoiunganisha na sabufa ya bajaji ya rafiki yangu, vioo vilitetemeka, lakini besi ilivimba ikafunika kila kitu. Iliyonifaa ni hedifoni kubwa za kufunika masikio, sauti ya wastani. Wastani tu. Muziki huu unakushawishi uongeze, ukiongeza utalala na mlio masikioni, na kwa kazi yangu masikio nimeshayatumia ya kutosha.

Christbait Rising, wimbo wa pili, ndio ulionifunga. Unakaribia dakika saba na kinachobadilika ni kidogo mno. Biti yake ina mdundo unaotaka kutikisa kichwa, na nilipofuatilia nikaona kwa nini: Broadrick alikuwa mpenzi wa hip hop, na amewahi kueleza kwamba hapo alikuwa anajaribu kuiga biti ya Eric B. & Rakim, wale wawili wa rap wa Marekani. Ukishajua hivyo, unaanza kuisikia ile hip hop imezikwa chini ya kifusi lakini bado inapumua. Pulp, unaofuata, ni msumari mmoja unaogongwa mwanzo mpaka mwisho. Dream Long Dead ndio mzito kuliko zote kwangu. Head Dirt unamalizikia kwenye mvumo mrefu wa spika zinazopiga yowe, na hapo ndipo mama lishe wa jirani alipokuja mlangoni na mwiko mkononi: "Fundi, hilo dude lako limeharibika, au ndiyo wimbo?" Nilipomwambia ndiyo wimbo, akasema basi aliyeniuzia wimbo huo ameniibia. Sina hakika kwamba amekosea kuhusu mvumo ule. Ungepunguzwa nusu, nisingelalamika.

Rafiki yangu wa bajaji ni mtu wa singeli. Kwake, muziki wa polepole ni muziki uliopungukiwa chaji. Akachukua simu, akaongeza kasi ya Pulp mara mbili, akaanza kucheza kwenye kiti cha dereva. Tulicheka, ila kwangu lile halikuwa la kuchekesha tu. Singeli iliyotoka uswahilini Dar es Salaam inapikwa na prodyuza mmoja na kompyuta yake, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuyapiga yale kwa usiku mzima. Godflesh walichukua kifaa cha ukoo huo huo wakakigeuza upande wa pili: badala ya kukimbia mpaka binadamu ashindwe, kinatembea taratibu na bado binadamu anashindwa, kwa sababu hakipumziki na hakipungui. Rafiki yangu hakukubali hata kidogo. Alisema mwendo ule ni wa mtu anayekwenda kulipa deni.

Maoni yaliyonikaa zaidi ni ya mzee mmoja wa Newala aliyekuja kuulizia geti. Amepiga ngoma za jando tangu ujana wake. Nilimwamkia, nikampa kiti, na kwa utani nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza Christbait Rising mpaka mwisho bila kusema kitu, jambo ambalo wengine wote hawakuliweza. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu mpiga ngoma anamwangalia nani?" Nikamjibu, "Ni mashine, babu, haina macho." Akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba wakati wa mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde, mpiga ngoma hamwondolei macho lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago: anayecheza akiinua bega, ngoma inajibu, akichoka, ngoma inampa nafasi. Na ngoma yenyewe ina mwili, ngozi ikilegea inarudishwa motoni ikazwe. "Hii haijui kama yuko mtu," akasema, na akarudi kwenye habari za geti lake.

Nadhani mzee aliielewa albamu kuliko mimi niliyeisikiliza wiki nzima. Yeye aliliona hilo kuwa kasoro. Mimi ndilo ninalolipenda. Broadrick anaunguruma, anaomba, anakasirika, na ile mashine haimjibu, haimngojei, haipunguzi mwendo hata sauti yake inapokatika. Mpiga dramu wa kweli angemwonea huruma. Angalau angeongeza mapigo mawili matatu ya kumsukuma.

Mwenzangu mwingine anafanya zamu kwenye kiwanda cha saruji. Huyo alivua hedifoni haraka, akasema hawezi kurudi nyumbani akalipie bando ili asikilize kelele za kazini. Lakini alisema jambo la kifundi: mashine za kweli haziko sawasawa namna hii. Kila moja ina kikohozi chake, na fundi mzuri anausikia ugonjwa kabla haijasimama. Nakubaliana naye. Hata grenda yangu umeme ukipungua inalegea sauti. Kwa hiyo wanaosema albamu hii inasikika kama kiwanda wanakosea kidogo, maana hakuna kiwanda chenye afya hiyo.

Tena viwanda gani? Birmingham ya miaka ya 1980 ilikuwa inafunga viwanda vyake. Mji huo huo ndio wa bendi ya Black Sabbath, ambayo mpiga gitaa wao Tony Iommi alikatwa ncha za vidole na mashine ya karatasi za chuma akiwa na miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki ili aendelee kupiga gitaa. Wakati wa Iommi kiwanda kilikula vidole, wakati wa Broadrick vijana wengi hata kazi hiyo ya kukatwa vidole hawakuipata. Sisi wa kusini tunalijua hilo kwa namna yetu. Leo tuna gesi ya Mnazi Bay inayosafishwa Madimba, tuna saruji, bandari ina meli. Lakini viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa enzi za Mwalimu, vingi vilikaa kimya miaka na miaka, na korosho zetu zikaendelea kupakiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Ukipita kwenye kiwanda cha namna hiyo huku unasikiliza Dream Long Dead, utaelewa ninachosema. Au utaniona nimezidi, nayo ni sawa.

Nusu ya pili. Hapo anaongezeka Paul Neville kwenye gitaa la pili, na sauti inakuwa pana zaidi, lakini kwangu pana si lazima iwe nzito. Life Is Easy unazunguka mahali pamoja muda mrefu kuliko unavyostahili. Wimbo uliobeba jina la albamu unarudisha makali, na Locust Furnace unafunga vizuri. Zile nyongeza za CD zilitokana na EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya Tiny Tears. Si mbaya, ila zinaisukuma albamu kupita saa nzima, na mwili unakuwa umeshatosheka.

Kuhusu kava: ni watu waliosulubiwa wakiwa wamezungukwa na moto, picha iliyotoka kwenye filamu ya Altered States ya 1980. Jirani yangu mlokole aliiona akakataa hata kugusa hedifoni, na sikubishana naye. Kama unaishi na wazazi, ficha skrini.

Kwa mtu ambaye hajawahi kugusa muziki huu, nisingemwanzishia hapa. Angeanza na Demanufacture, albamu ya bendi ya Fear Factory ya 1995. Kule kuna mpiga dramu wa kweli, Raymond Herrera, anayepiga kwa usahihi unaodhani ni mashine, na mwimbaji anaacha kunguruma mara kwa mara akaimba kwa sauti safi ya kushika. Ni rafiki zaidi. Kasoro yake ni kwamba ukishaizoea Streetcleaner, ile nyingine inaanza kusikika kama imechongwa na kupakwa vanishi.

Mtwara hutaipata dukani, ipakue kutoka kwenye programu za muziki, ikiwezekana mahali penye waifai. Sikiliza nyimbo tano za kwanza, pumzika, kula, halafu rudi kwa zile za nusu ya pili siku nyingine. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa Life Is Easy na ule mvumo. Kijana wangu ameshapakua Pure, albamu ya Godflesh ya 1992, anasema kule ngoma zimewekwa mbele zaidi na kwamba rafiki wa bajaji ataipenda. Rafiki wa bajaji anasema atakubali kuisikiliza endapo nitamrekebishia bampa bure.