Kamusi mbili za kale na neno letu "tamasha"

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibania, nitasema kwa nini.

Nafanya kazi hotelini Deira, Dubai. Zamu ya usiku tuko watatu: mimi wa Tanga, mwenzangu wa Lahore, Pakistan, na dereva wa Maharashtra, India. Siku moja nikajitutumua na Kiurdu changu cha kuokoteza, nikamwambia yule wa Lahore kwamba Jumamosi sisi Waswahili tuna "tamasha". Akaweka kalamu chini. "Nani kagombana na nani?"

Programu ya kutafsiri iliyomo kwenye simu yangu haikunifaa kitu. Nilijaribu Kiajemi, nikajaribu Kiurdu, jibu lile lile: onyesho. Haya, asante.

Ndipo mgeni mmoja akanielekeza kwenye kamusi za Asia Kusini zilizowekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Chicago. Ni bure. Nilizozitumia mimi ni ya Platts, ya Kiurdu, iliyotoka 1884, na ya Steingass, ya Kiajemi, ya 1892. Kumbe neno limetoka Kiarabu, tamashi, kutembea pamoja. Mzizi ule ule wa "imshi" tunayofukuziwa nayo huku. Waajemi wakalifanya matembezi ya kuburudisha macho, mwisho likawa kutazama kwenyewe. Leo Mwirani akikwambia "futbal tamasha mikonim", usiulize kiingilio: wamekaa tu wanatazama mpira, na mtazamaji wao anaitwa tamashachi. Kwa Kiurdu kinachotazamwa ndicho tamasha, na kipi kinachokusanya watu upesi kuliko ugomvi? "Tamasha mat karo" ni kumwambia mtu asilete vituko mbele za watu. Na ukifanywa tamasha wewe mwenyewe, basi umeumbuka. Sisi tumelivika suti: tamasha la filamu, tamasha la utamaduni, na kamati, na mgeni rasmi anayechelewa.

Dereva alikuwa anatusikiliza, akacheka. Kwao tamasha ni mchezo wa jukwaani, wanawake wanacheza lavani, ngoma ya dholki inapigwa. Akaanza kuimba pale pale mapokezi. Kamusi ya Kimarathi, lugha ya kwao, ya Molesworth, ya 1857, nayo imo humo humo, ila sijaifungua. Onyesho la dereva lilinitosha.

Sasa ile nyota. Maelezo yote ni kwa Kiingereza cha enzi za ukoloni, kirefu na chenye vifupisho vingi, kwa hiyo kama Kiingereza kinakusumbua utachoka mapema. Na kamusi yenye umri wa zaidi ya miaka 100 huwezi kuiuliza watu wanasemaje mtaani leo. Ile habari ya kuumbuka nilifundishwa na mwenzangu, tukinywa chai saa tisa usiku.

Jumamosi alikuja kweli, na sahani yake ya biriani mkononi. Akasimama mlangoni, akaangaza huku na huku, akaninong'oneza: "Mbona hawajaanza kupigana?"