Pedi kwanza, polishi baadaye: uzoefu wangu wa kupolishi rangi ya gari kwa mashine

Gari langu ni jeusi. Mchana wa mawingu linapendeza, lakini jua likiwaka, au ukilimulika kwa tochi usiku, boneti nzima ilikuwa inaonyesha duara juu ya duara kama utando wa buibui. Ni mikwaruzo midogo ya miaka mingi ya kuoshwa kwa matambara yenye mchanga. Nikaamua kununua mashine na kuifanya kazi mwenyewe. Nimeshaitumia kwenye magari kadhaa ya familia sasa, na naandika haya kwa sababu nililoambiwa kidogo kuliko yote ndilo lililonisumbua kuliko yote: pedi, yaani kile kipande cha sponji, sufu au maikrofaiba kinachofungwa mbele ya mashine na kugusa rangi.

Mwanzoni niliamini dawa, yaani polishi au kompaundi, ndiyo inayofanya kazi na pedi ni kitu cha kuipakia tu. Nikachukua kompaundi kali (dawa yenye chembe zinazokata zaidi kuliko polishi), nikaiweka kwenye pedi ya maikrofaiba, nikaanza na boneti. Mikwaruzo iliondoka upesi, nikafurahi sana. Nilipofuta na kumulika, nikakuta ukungu wa kijivu umetanda kila mahali. Zile nyuzi za maikrofaiba zilikuwa zimechora rangi yangu laini mistari yake midogo mno, maelfu kwa maelfu, hadi weusi ukapauka. Nilirudia boneti yote siku iliyofuata kwa sponji laini na polishi ya kumalizia, ndipo weusi ukarudi.

Tangu siku hiyo nachagua pedi kwanza. Pedi za sufu hukata kwa nguvu na hazikusanyi joto sana, ila huacha alama, hasa kwenye mashine inayozunguka tu bila mtetemo. Ile michirizi inayocheza kama moshi unapotembea kando ya gari hutokana na kazi ya namna hiyo iliyoachwa bila kumaliziwa. Maikrofaiba nayo inakata vizuri, na kwenye rangi ngumu naipenda. Sponji ndiyo yenye ngazi nyingi zaidi, kuanzia ngumu ya kukatia hadi ile laini inayobonyea kwa kidole kama mkate. Kwa polishi ileile moja, kubadilisha sponji tu kunanipa matokeo mawili tofauti kabisa.

Halafu kuna suala la rangi za pedi. Usizitegemee hata kidogo. Kwa kampuni ya Rupes, pedi ya njano ni laini, na ya bluu ndiyo kali. Kwa kampuni ya Lake Country, katika pedi zao za sponji zilizozoeleka, njano ni ya kukatia na nyeusi ni ya kumalizia. Mtu akikuambia tu “tumia ya njano”, muulize ya nani. Mimi naandika kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya kila pedi: kali, kati, laini.

Kwenye polishi zenyewe, niliyoitumia zaidi ni M205 ya kampuni ya Meguiar's. Chembe zake hazivunjiki kadiri unavyosugua, kwa hiyo pedi na mkandamizo wako ndivyo vinavyoamua itakata kiasi gani. Kwenye sponji ya kati inaondoa ule utando wa buibui wa kawaida; kwenye sponji laini inaacha kioo. Haikauki haraka, na kwa anayejifunza hilo ni jambo kubwa. M105 ya kampuni hiyohiyo, ambayo ni kompaundi, inakata kwelikweli, lakini inakauka mapema na vumbi lake linaingia hadi kwenye raba za madirisha. Sasa naitoa pale tu M205 iliposhindwa. Nilijaribu pia polishi za kampuni ya Menzerna, ambazo chembe zake hupungua ukali kadiri unavyozifanyia kazi. Hizi usiziache njiani: endelea hadi dawa ibaki kama utando mwembamba unaopitisha mwanga, vinginevyo utaona mikwaruzo ambayo ingeisha kama ungevumilia dakika moja zaidi.

Mashine yangu ni ya mzunguko wenye mtetemo, ya milimita 15 (huo ni upana wa mtetemo wake). Kuna jambo dogo lililonisaidia kuliko maelezo yote niliyosoma. Chora mstari mmoja mnene ukingoni mwa ile sahani inayoshika pedi. Ukiwa kazini, utazame. Ukiuona unapita na kupita, pedi inazunguka na inakata. Ukisimama ukabaki unatetemeka tu, basi umekandamiza mno au umelaza pedi upande, na hapo unapasha rangi joto bure. Kwenye milango yenye mikunjo mstari wangu ulikuwa unasimama kila mara; nilipochukua pedi nyembamba na ndogo kidogo, tatizo likaisha.

Kabla ya gari zima, mimi hujaribu eneo la kama sentimita 50 kwa 50, nikianza na pedi laini na polishi isiyo kali. Matone matatu ya ukubwa wa kunde yanatosha. Napita mara nne, wima kisha mlalo, polepole sana. Nafuta, kisha nafuta tena kwa spiriti iliyozimuliwa kwa maji, kwa sababu mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kuificha. Gari likioshwa mara mbili tatu inarudi yote. Mikwaruzo ikibaki baada ya spiriti, nabadilisha pedi kwanza. Ikishindikana ndipo nabadilisha dawa.

Sababu ya kuanza taratibu ni kwamba lile tabaka la juu lisilo na rangi, kliya, kwenye magari mengi ni la mikroni 35 hadi 50 tu. Unywele wa kichwa chako unaweza kuwa mnene kuliko hapo. Kinachokatwa hakirudi. Kwenye kingo na mistari ya bodi ni jembamba zaidi, nami hubandika masking tepu, ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, hapo kabla ya kuwasha mashine.

Nunua pedi nyingi kuliko unavyofikiri unahitaji. Pedi moja kwa gari zima haiwezekani: inalowa, inapata moto, inajaa rangi iliyokufa, na polishi nzuri inaonekana mbovu. Natumia pedi tano hivi kwa gari, na kila baada ya eneo moja naisugua kwa brashi hadi vumbi lake litoke.

Jana usiku nilimulika boneti tena. Mwanga wa tochi ulikaa katikati ya weusi kama nukta moja safi. Umebaki mkwaruzo mmoja karibu na kitasa cha mlango wa dereva, ule ambao ukucha unanasa ukiupitisha. Huo nimeuacha, kuufikia chini kabisa kungemaliza kliya.