Darasa la Kisomo la Maktaba: Ndani Safi, Tatizo Liko Mlangoni

Huduma tunayoipima ni darasa la bure la watu wazima katika maktaba moja ya umma huku Kusini, ukanda wa Mtwara na Lindi. Siku tatu kwa wiki, kuanzia saa 10:00 baada ya swala ya alasiri hadi saa 11:30, watu wawahi magharibi. Mwezeshaji mmoja, wanakisomo wasiozidi 20. Tumeipa alama tatu na nusu kati ya tano.

Alama ya kwanza imepotea mlangoni. Pale pana kitabu cha wageni: jina, mtaa, namba ya simu, saini. Mtu aliyekuja kwa kuwa hajui kuandika anakabidhiwa kalamu na mlinzi, mbele ya wanafunzi wa sekondari waliojaa ukumbini. Atasema kasahau miwani, ataondoka, na hamtamwona tena. Dawa yake haina gharama: mwezeshaji aandikishe watu kwa mdomo, pembeni, na fomu ya uanachama isubiri hadi mwenyewe aweze kuijaza. Bango la "Wasiojua Kusoma" nalo libanduliwe, pawekwe "Darasa la Jioni". Neno ngumbaru limeshafukuza watu wa kutosha.

Ukishaingia ndani, kazi ni ya kusifiwa. Siku ya kwanza kila mtu anaandika jina lake, kwa sababu hilo ndilo wengi wamelifuata: kuachana na dole gumba. Wanatumia penseli laini ya 2B badala ya kalamu ya wino, maana mkono uliozoea jembe hukandamiza na karatasi huchanika. Zinafuata irabu tano, kisha silabi za m, k, t na l, ili ndani ya wiki ya pili yapatikane maneno kamili kama mama, kata, lima. Ng' na dh zinangoja mwishoni.

Kizuri zaidi ni kipimo cha macho. Kabla ya somo lolote, mwanakisomo anashika karatasi umbali wa sentimita 40 na kusema anaona nini. Kuanzia miaka 40 hivi macho ya karibu hupungua nguvu, na mengi yanayoitwa uzito wa kichwa ni kukosa miwani ya kusomea ya kati ya +1.00 na +3.00. Maandishi ya darasani wanayachapa kwa ukubwa wa 18. Tungependa maktaba iwe na miwani kadhaa ya kuazima.

Palipo na upungufu ni kwa waliosoma madrasa, nao huku pwani si wachache. Hao si wageni wa maandishi. Wanajua herufi hubeba sauti. Lakini wamezoea kutoka kulia kwenda kushoto, na irabu za Kiarabu walizojifunza ni tatu: a, i, u. Ndiyo maana kwenye imla wanaandika "chimbi" kwa chembe na "mutu" kwa moto. Mwezeshaji anasahihisha tu bila kueleza sababu. Wiki moja ya kutenganisha e na i, o na u ingewatosha. R na l zinawachanganya wengine vilevile, ila hilo ni la matamshi ya nyumbani, linataka subira.

Udhaifu mwingine: wanasoma ukurasa kwa pamoja kwa sauti. Baada ya siku nne ukurasa umeshakaririwa, na mtu anaweza "kuusoma" kitabu kikiwa kimepinduliwa. Mpime kwa kumsomesha kuanzia mstari wa chini, au mpe neno ambalo halimo kitabuni.

Hesabu wanaifundisha kwa stakabadhi ya korosho, na hapo wamepatia. Vitabu vya kisomo vya miaka ya 1970 navyo vilifuata kazi za watu, kama pamba na uvuvi. Mfano wa ubaoni: kilo 312 kwa shilingi 3,200 ni 998,400, makato ya shilingi 110 kwa kilo ni 34,320, mkononi zibaki 964,080. Baada yake ni ujumbe wa simu: kiasi kilichoingia, salio, jina la mtumaji. Asiyeweza kuusoma humtajia kijana wa kibandani namba yake ya siri, na yanayofuata yanajulikana.

Rafu ndiyo imetukatisha tamaa. Maktaba nzima haina kitu kati ya kitabu cha silabi na riwaya ya kurasa 200. Vijitabu 30 vya kurasa 8, vya herufi kubwa, vinaweza kuchapwa palepale: kupulizia mikorosho salfa, kadi ya kliniki ya mtoto, bei za samaki.

Kwa anayetaka kujiunga, aingie Februari. Hadi Septemba ni vipindi kama 96, saa 144. Ukiingia Oktoba utakuta minada ya korosho imeanza na viti vitupu. Ramadhani darasa huhamia asubuhi. Uliza kwanza usije ukakuta mlango umefungwa.