Nyundo ya refleksi: Queen Square dhidi ya Taylor

Wengi wanaonunua nyundo ya kwanza ya kupimia refleksi (mwitikio wa msuli usiongoja amri ya ubongo) huchukua Taylor, ile yenye kichwa cha mpira cha pembetatu. Ni fupi, nyepesi, hukaa mfukoni. Wepesi huo ndio kasoro yake. Kichwa kikikosa uzito, mpimaji hulazimika kutia nguvu za mkono, na mapigo hayalingani. Mwenye misuli iliyokaza anaweza kuandikiwa kwamba refleksi haipo, kumbe neva zake ni nzima.

Queen Square ni sahani iliyozungushiwa mpira, juu ya mpini wa sentimita 30 hivi au zaidi. Ushike mwishoni, kwa kulegea, uinue, kisha uache kichwa kianguke chenyewe. Uzito ndio unaopiga.

Kwenye goti tofauti huonekana mara moja. Pigo kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti huuvuta ghafla msuli wa mbele ya paja. Vihisio vilivyomo ndani ya msuli hupeleka habari kwenye ugwe wa mgongo, usawa wa L2 hadi L4 (neva ya pili hadi ya nne za kiunoni), na humo neva ya hisia huungana moja kwa moja na neva ya mwendo. Wakati huohuo msuli wa nyuma ya paja huzuiwa, kupitia neva fupi ya kati, usije ukashindana na wa mbele. Vihisio hivyo huitikia sana kasi ya mvuto, kwa hiyo pigo la kusukumasukuma halifai hata likiwa na nguvu. Ubongo hauhitajiki kutoa amri, ila huidhibiti njia hii kutoka juu: udhibiti huo ukiharibika, refleksi huwa kali, neva ya mwendo yenyewe ikifa, hupotea. (Jeraha la ghafla la ugwe huweza kuzizima zote kwanza, kisha zikarudi zikiwa kali.)

Kabla ya kuilaumu nyundo, mwambie mgonjwa anase vidole vya mikono miwili na kuvuta kwa nguvu, nawe upige papo hapo. Refleksi iliyojificha mara nyingi hutokea.

Kwenye kano ya kisigino, S1 (neva ya kwanza chini ya zile za kiunoni), Queen Square haina mpinzani. Kunja kwanza wayo kidogo kuelekea juu ili kano ikaze. Kwenye mkono, C5 na C6 (neva ya tano na ya sita za shingoni), Taylor inajitetea vizuri: ncha yake nyembamba hulenga kidole gumba ulichokiweka juu ya kano iliyo mbele ya kiwiko. Kwa watoto wadogo pia tungeichagua yenyewe.

Ncha ya mpini wa Queen Square hutumika kukwaruza ukingo wa nje wa wayo, kutoka kisigino kwenda mbele. Kwa mtu mzima, kidole gumba cha mguu kikiinuka badala ya kujikunja, shuku njia ya neva itokayo kwenye ubongo. Nyundo zinazokuja na sindano mpinini hazistahili sifa: sindano moja kwa wagonjwa wengi ni njia ya kuambukiza.

Udhaifu wa Queen Square ni wa kiufundi. Mpira hukauka, hupasuka na kuchomoka kwenye sahani, na mipini ya kuvutika hulegea kwenye maungio. Dukani, shika mwisho wa mpini uupeperushe: kichwa kikicheza, iache hapohapo.